Mafunzo ya Kale kwa Vijana wa Sekondari

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 17:16–34



Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja wa parokia yetu alitusimamisha mlangoni mwa kanisa akatuuliza swali. Mwanawe anakaa Marekani, naye amemwarifu kwamba wajukuu wamehamishiwa shule inayofuata elimu ya kale, ile ya Wayunani na Warumi. Mzee alitaka kujua: hiyo ni elimu gani, na je, sisi huku tumepungukiwa na kitu? Tulimjibu upesi kwamba ni mambo ya Kilatini tu, tukaagana. Jibu lile lilikuwa baya, na somo la leo ni la kulisahihisha.

Lililotufanya tulitambue kosa letu ni jambo jingine. Juma lile lile alifika barazani kwetu binti wa kidato cha tatu, ameleta daftari lake la historia tumsaidie kujiandaa kwa mtihani. Daftari lilikuwa safi mno, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Tukamwomba atutajie sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Akazitaja saba kwa Kiingereza, kwa mpangilio, bila kukosea hata moja. Tukamwuliza kwa Kiswahili, "Katika hizo saba, ipi waona ilikuwa na nguvu kuliko nyingine, na kwa nini?" Akanyamaza. Akalifungua daftari, akalifunga tena. Kisha akasema kwa adabu, "Hilo hatukuandikiwa, Mwalimu."

Neno lile lilituchoma, maana mwalimu aliyewaandikia zile sababu saba tulimfundisha sisi wenyewe chuoni. Tena tulimfundisha kwa njia hiyo hiyo: sisi tukiandika ubaoni, wanachuo wakinakili, mtihani ukiuliza yaliyonakiliwa. Mchana tulihubiri kwamba mwanafunzi ashirikishwe. Ubaoni tuliandika orodha. Kwa hiyo msomaji asidhani twamlaumu kijana yule au mwalimu wake.

Njia tatu

Wayunani, na Warumi baada yao, walipomchukua kijana kumfundisha, walishughulika kwanza na maneno. Baadaye, katika shule za Kanisa huko Ulaya, kazi hiyo ilipangwa katika njia tatu: sarufi, mantiki na balagha. Sarufi ilikuwa kuijua lugha barabara na kusoma vitabu bora vilivyoandikwa kwayo. Mantiki ilikuwa kupima: je, neno hili linatokana na lile, au limebandikwa tu? Balagha ilikuwa kunena na kuandika hata msikilizaji aelewe, apendezwe, na asukumwe kutenda. Zikafuata njia nyingine nne, yaani hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota. Leo hatuzigusi hizo nne.

Twaomba msomaji ayatazame tena maneno yale matatu. Yote yamekuja kwetu kutoka Kiarabu. Wanazuoni wa Lamu na Unguja walikuwa wakisoma elimu hizo kwa Kiarabu kabla shule za serikali hazijafunguliwa. Waarabu nao sehemu kubwa ya mantiki waliipata kwa Wayunani. Katika Baghdad ya karne ya 9 alikuwako mganga Mkristo, Hunayn ibn Ishaq, aliyefasiri vitabu vingi vya Kiyunani, na mwanawe Ishaq alifasiri kwa Kiarabu baadhi ya vitabu vya Aristotle vya mantiki. Basi mwenye kusema kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao hajaifuata njia iliyopita.

Jina hili la elimu ya kale lilirudi midomoni mwa watu hasa kwa ajili ya hotuba moja. Mwaka 1947, huko Oxford, Dorothy Sayers, Mwanglikana na mtunzi wa hadithi za upelelezi, alilalamika kwamba vijana hufundishwa masomo mengi lakini hawafundishwi kujifunza. Akaziunganisha njia tatu na umri. Mtoto mdogo ni kasuku, hupenda kukariri, basi apewe sarufi. Afikapo umri wa kubisha kila neno, apewe mantiki. Anapokuwa kijana anayetaka kuueleza moyo wake, apewe balagha. Tangu miaka ya 1980 shule kadhaa za Kikristo nchini Marekani zimejengwa juu ya mawazo hayo, na yamkini shule ya wajukuu wa mzee wetu ni mojawapo. Sisi twaona mpango huo ni mzuri lakini umenyooshwa kupita kiasi. Mama Sayers mwenyewe alikiri kwamba mtoto aliyemjua zaidi ni yeye mwenyewe alivyokuwa utotoni. Aliyelea watoto anajua kwamba hata wa miaka minne huuliza "kwa nini" mpaka mzazi achoke, na kwamba kidato cha sita wako makasuku wengi.

Kijana wa Thagaste

Ili tuione elimu hiyo ilivyokuwa, tumtazame kijana mmoja wa Afrika. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Aljeria. Katika kitabu chake cha Maungamo ameeleza shule zake kwa uwazi ambao sisi walimu hatuupendi sana. Alichapwa viboko. Akiwa mdogo alimwomba Mungu asichapwe shuleni, na wazazi wake, waliompenda, waliyacheka mapigo yale.

Kilatini, lugha aliyokulia ndani yake, alikipata bila hofu, kwa wayaya waliombembeleza na watu waliocheka na kucheza naye. Kiyunani, lugha ya kigeni, alifundishwa kwa vitisho na adhabu, akakichukia, ijapokuwa hadithi za Homer zilizokuwamo ni tamu. Yeye mwenyewe akaamua kwamba hamu ya kujua ina nguvu zaidi katika kujifunza lugha kuliko kulazimishwa kwa hofu. Hapo tulimkumbuka binti yetu. Masomo yake mengi ni kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza amejifunza kutaja. Kwa Kiswahili, lugha anayochekea na kulilia, hakuna aliyemwuliza ana maoni gani.

Hata hivyo shule ile haikuwa ya bure. Augustino alisoma Virgil mpaka akamlilia malkia Dido anayejiua katika shairi lile, na baadaye akajilaumu kwamba alimlilia Dido wala hakuililia nafsi yake. Alikwenda Madaura, kisha Carthage kujifunza balagha. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kinachomhimiza mtu kuitafuta hekima, akawaka moyo. Mwaka 384 akawa mwalimu wa balagha mjini Milan. Huko alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosio, na kwanza alifuata ufundi wake wa kunena tu, kama fundi amtazamavyo fundi mwenziwe. Lakini maneno hayakuingia peke yake, maana yaliyafuata. Akabatizwa na Ambrosio katika Pasaka ya mwaka 387.

Alipokuwa askofu hakuitupa elimu yake ya kwanza. Alifundisha kwamba Waisraeli walipotoka Misri walichukua dhahabu na fedha (Kutoka 12:35–36), na vivyo hivyo Mkristo achukue kilicho kweli katika vitabu vya mataifa akitumie vema. Mtume Paulo alikuwa ametangulia: pale Areopago, mbele ya wenye elimu wa Athene, aliwanukulia washairi wao wenyewe (mstari wa 28). Hata adui waliijua nguvu ya vitabu hivyo. Mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyeiacha imani, aliwakataza walimu Wakristo kuvifundisha. Mwaka uliofuata alikufa vitani, na katazo lake halikudumu. Basili wa Kaisaria naye aliwashauri vijana wavisome kama nyuki, ambaye hatui juu ya kila ua wala hachukui kila kitu katika ua alilotua.

Mambo ya kuacha

Tusiisifu elimu ile kupita haki yake. Ilikuwa hasa ya watoto wa kiume wa wenye mali, na mtumwa aliyemsindikiza mtoto shuleni hakuketishwa benchini. Viboko tumekwisha kuvitaja. Lakini hata siku zile alikuwako mwalimu aliyevipinga. Quintilian, aliyefundisha balagha Roma katika karne ya 1, aliandika kwamba kumpiga mtoto ni aibu, na kwamba mwalimu akisimamia kazi yake vema adhabu hiyo haitahitajika. Alitaka hata herufi zifundishwe kwa mchezo, mtoto akipewa herufi za pembe za ndovu azishike mkononi. Tulikuwa na kitabu chake katika maktaba ya chuo. Wanachuo wachache walikiazima, na sisi hatukuwahimiza.

Na Kilatini je? Kijana atakayesoma sheria, uganga au elimu ya viumbe atakutana na maneno yake mengi, na atakayekwenda chuo cha theolojia atakihitaji Kiyunani kwa ajili ya Agano Jipya. Wakati wao utafika. Asiyeweza kutetea wazo kwa Kiswahili hatasaidiwa na lugha ya nne.

Zoezi la methali

Twafika sasa penye faida kwa nyumba zetu. Walimu wa kale hawakungoja kijana awe mtu mzima ndipo wamfundishe kunena. Walikuwa na mazoezi ya awali, yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu. Mpango uliojulikana kuliko yote ni wa Aphthonius wa Antiokia, wa karne ya 4, wenye mazoezi 14. Kitabu chake kilidumu hata karne ya 16 kikatumika katika shule za Uingereza.

La kwanza ni hekaya. Mtoto husikia kisa cha wanyama, kama vile vya Aesop, kisha hukisimulia kwa maneno yake. Kwanza kwa urefu, baadaye kwa ufupi, kisha humtia mnyama maneno kinywani. Vijana wa kidato cha kwanza waweza kuanza hapa, na visa vya Sungura na Fisi havijatuishia. Askofu Edward Steere wa Unguja aliona thamani ya hadithi za watu wa huko, akazikusanya kutoka vinywani mwao na kuzichapisha mwaka 1870.

Lakini lile tunalolipenda kuliko yote ni zoezi la usemi wa wenye hekima. Kijana hupewa usemi mmoja, naye huupitisha katika hatua nane. Tuchukue methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Kwanza humsifu aliyesema. Hapa ni wahenga, basi aeleze kwa sentensi mbili kwa nini watu waliolala juu ya vitanda vya kamba, na kuhifadhi vitu chini yake, waliweza kuona jambo hili. Pili huieleza methali kwa maneno yake mwenyewe, bila kutumia neno "mvunguni" wala "kuinama". Hapo ndipo kasuku hukwama, kwa hiyo asiharakishwe. Tatu hutoa sababu: kwa nini kitu chema kimtake mtu ajishushe? Nne hugeuza upande: asiyetaka kuinama hupatwa na nini? Tano hutafuta mfano wa kulinganisha, kwa mkulima apaliliaye au mvuvi avutaye jarife. Sita huleta kisa cha mtu aliyetenda hivyo. Naamani anafaa sana (2 Wafalme 5), jemadari aliyekasirika kuambiwa ajichovye Yordani mara saba, kisha akateremka na kutakasika. Saba huita shahidi mwingine, kama vile methali "Mchumia juani hulia kivulini." Nane humaliza kwa maneno machache.

Msomaji ataona kwamba njia zote tatu zimo humo. Hatua ya pili ni sarufi. Ya tatu hadi ya sita ni mantiki. Kuzifunga zote nane zikawa usemi mmoja unaosikika vema ni balagha. Vifaa ni daftari moja na mtu wa kusikiliza. Kijana aseme kwanza, aandike baadaye. Nusu saa yatosha, na mzazi asiyejua kusoma aweza kuliongoza zoezi hili vizuri kuliko mwalimu, maana methali anazo nyingi zaidi.

Baada ya hilo huja zoezi la kukanusha. Kijana yule yule aliyetetea hupewa kazi ya kupinga. Wazazi wengine huliogopa wakidhani tunafundisha ubishi. Sisi twasema mtoto hubisha kwa vyovyote. Afadhali abishe kwa sababu. Liko pia zoezi la kunena kwa kinywa cha mwingine: kaka mkubwa wa mwana mpotevu angesema nini usiku ule, amesimama nje akisikia ngoma? Kwa vidato vya juu liko swali la jumla la kujadiliwa pande zote mbili. Mfano waliopewa vijana wa Antiokia ulikuwa, je, yafaa kuoa? Hatuna hakika kwamba vijana wa kidato cha tano wakilizungumza hilo chumba kitatulia.

Atakaye kitabu cha kusoma pamoja nao asiende mbali. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaisari, na tafsiri yake iliyorekebishwa ikatoka mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Someni zile hotuba mbili za mazishi. Brutus anatoa sababu zake kwa utulivu, umati unamshangilia. Antonio anapanda baada yake, anarudia rudia kuwasifu wauaji mpaka sifa inageuka kuwa tusi, anaonyesha vazi lenye damu, anautaja wosia na kuuficha. Mwulize kijana: Antonio amethibitisha nini hasa, na nini amekiamsha tu? Kisha someni onyesho linalofuata. Umati unamkamata mshairi Sina, aliye na jina moja na mmojawapo wa waliokula njama. Anawaambia kwamba yeye siye. Wanamrarua kwa ajili ya jina tu. Vijana wetu wanaishi katika siku ambazo neno la uongo hupita kwenye simu za mji mzima kabla chai haijapoa, na si mara moja tumesikia mtu amepigwa kwa kelele ya "mwizi" kumbe siye. Hatujui somo la mantiki linaloingia moyoni kuliko kifo cha Sina.

Binti yetu tulimpa ile methali ya mvunguni aende nayo nyumbani, tukamwambia aache daftari la historia kwa juma moja. Alirudi Jumamosi. Hatua saba za kwanza alizitaja kwa sauti ndogo, akitazama chini, na Naamani alimsahau jina akamwita "yule mkubwa mwenye ukoma." Tulipofika kwenye kukanusha akainua uso.

"Mwalimu, mimi naona methali hii si kweli siku zote," akasema. "Bibi yangu ameinama shambani maisha yake yote. Mvunguni hamna kitu. Waliochukua hawakuinama."

Tukataka kumjibu, tukaona hatuna jibu la kumpa pale pale. Tukamwambia aliandike hilo kama alivyolisema, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza chake mwenyewe bila kuazima cha ubaoni. Alipomaliza tulimrudisha kwenye zile sababu saba za Majimaji. Safari hii aliichukua ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, akaitenga na nyingine, akaanza kueleza kwa nini.